Mkono Juu ya Tofali

4 Februari

Kimya wa zamani,

Natumaini jina hilo bado unaliitikia. Nilipoingia karakana kwenu kumtafuta fundi wa madawati, sikutegemea kumkuta mtu niliyesoma naye darasa la tatu. Ulinijibu "ndiyo" mara tatu, ukarudi kwenye randa yako. Hujabadilika!

Kama nilivyomweleza bosi wako, mimi sasa ni msanii wa picha. Natengeneza mfululizo unaoitwa Dawati Letu, kumbukumbu za shule ya utotoni zilizochanganyika na ndoto. Mtoto anaruka juu ya darasa kwa mabawa ya karatasi za daftari. Vumbi la chaki linanyesha kama mvua. Ubao unaelea juu ya maji. Maonyesho yatafunguliwa mwishoni mwa Machi huku mji mkubwa, kwenye ukumbi ambao wasanii wengi wanausubiri maisha yao yote.

Nahitaji madawati kumi na mawili yaliyozeeka, kama yale tuliyokalia sisi. Yachonge majina, yatie madoa ya wino, yape historia.

Ombi la pili: tuandikiane barua kwa mkono, tusitumie simu. Nitazitundika ukutani kwenye kona ya mwisho ya maonyesho. Usijali makosa. Mwandiko wa mtu aliyeishia darasa la nne una ukweli ambao sisi wengine tumeupoteza.

Wako katika kumbukumbu,
Msanii


11 Februari

Dada Msanii,

Barua yako kaniletea kondakta wa basi. Mimi mzima, bosi mzima, mbao zipo. Salamu zimeisha.

Unasema nisijali makosa. Sijali. Mimi ni domo zege, ukinisimamisha mbele ya mtu ulimi unakuwa mzito kama gogo bichi, ndiyo maana siku ile uliambulia ndiyo tatu. Ila karatasi hainitazami usoni. Barua umeziomba mwenyewe, sasa utazipata, na ukitundika tundika zote, usichague.

Tuanze na hayo madawati. Tuliyokalia sisi, sisi nani? Shule ile ilikuwa na dawati moja. Moja, dada. Lililetwa na gari la wafadhili kama mfano, wakasema mengine yanakuja, mpaka leo yako njiani. Sisi wengine arobaini tulikaa kwenye matofali. Kila mtu na tofali lake kutoka nyumbani, asubuhi unakuja nalo kichwani, mchana unarudi nalo, maana ukiliacha kesho hulikuti, limeshajengea choo cha mtu. Kwenye dawati alikaa binti wa Mwalimu Mkuu, yaani wewe, peke yako, dawati la watu watatu, umejitandaza kama paka juani. Tulikuwa tunakuita Binti Mkuu. Hukumbuki?

Mimi nakumbuka kwa mabega. Dawati lile lilifungiwa ofisini lisiibwe, na waliokuwa wanalitoa kila asubuhi na kulirudisha mchana ni mimi na dada yangu Chiriku, yeye mbele mimi nyuma. Tukishalipanga, na wewe umeshakaa ukakunjua sketi, sisi ndiyo tunakwenda kwenye matofali yetu, na mwalimu keshaanza kufuta ubao. Herufi nyingi mimi nimeziona mkia tu.

Madawati yako nitayatengeneza, bosi kasema mteja ni mteja. Nitayapiga minyororo yapate makovu, nitayamwagia chai ya rangi na majivu yaonekane yamekaliwa na mababu. Nitachonga na majina ya watoto ambao hawajawahi kuzaliwa. Kuusingizia ubao uzee ni kazi nyepesi kuliko unavyodhani. Ubao haubishi.

Halafu hayo mabawa. Sisi daftari tuliandika mpaka kwenye jalada, ndani na nje, likiisha mama anafungia chumvi. Mtoto ambaye angechana daftari ajifanyie mabawa angeruka kweli, ila kwa fimbo.

Nina ombi moja tu, na hili sitanii. Kuna siku baba yako alitupiga picha nje ya darasa na kamera yake. Chiriku alikuwepo. Mwaka uliofuata homa ilimchukua kwa siku nne. Mama hana picha yake hata moja. Baba yako naye ameshatangulia, vitu vyake najua unavyo wewe. Kama picha ile ipo, naomba mama aione. Hata kwa kuazima.

Kimya, fundi


20 Februari

Kimya,

Umenichekesha na paka juani. Lakini kumbukumbu si daftari la mahudhurio. Sikusema madawati yalikuwepo shuleni. Nasema yalikuwepo ndani yangu. Msanii hanakili, anaumba. Najua hili si rahisi kueleweka karakana.

Picha ya baba ninayo. Niliikuta kwenye sanduku lake, katikati ya kitabu cha ratiba, na ndiyo moyo wa maonyesho yangu. Nimeifanyia kazi miezi miwili. Kwa wembe nimekwangua nyuso zote, mmoja baada ya mwingine, mpaka weupe wa karatasi ukatokea. Nataka mtazamaji aweke uso wake mwenyewe pale. Nimeuacha uso mmoja tu, wangu, nimekaa kwenye dawati natabasamu. Nililitambua sweta langu papo hapo. Kisha nikaikuza picha ikawa mita mbili.

Pole sana kwa dada yako. Kusema kweli simkumbuki vizuri. Lakini ukifikiria kwa undani, sasa yupo kwenye kila nafasi nyeupe. Hilo si jambo dogo.

Madawati yafike kabla ya tarehe saba, tafadhali.

Msanii


27 Februari

Dada Msanii,

Nimesoma barua yako mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa natafuta mahali ulipotania.

Na sisi mafundi tunakwangua. Ubao umechakaa juu, unaukwangua, unapata uzuri wa ndani. Wewe umekwangua watoto, umepata karatasi. Miezi miwili! Mtu mzima, kashika wembe, anakwangua pua za watoto, halafu jioni anasema leo nimechoka kazi ilikuwa nyingi.

Eti mtazamaji aweke uso wake. Kwani mtazamaji hana uso? Si kaja nao kutoka kwao? Yeye wake abaki nao, wa kwetu ndiyo ukwanguliwe ampishe. Ila wako haukukwanguliwa. Huo mtazamaji hauhitaji. Nimeona.

Sasa nikueleze kitu, halafu utanijibu na undani wako. Wiki mbili zilizopita mama alikuwa anachambua mchele, akasimama, akaniuliza, "Hivi lile pengo la nyusi la Chiriku lilikuwa kulia au kushoto?" Nikamwambia kushoto mama, alipoangukia jiko. Akasema, "Eeh," akarudi kwenye mchele wake, lakini nilimwona anashika nyusi zake mwenyewe, hii, halafu ile. Mama mzazi anauliza. Kufa kwa mwanawe alishakulilia, hilo limepita. Kinachomsumbua sasa ni huu uso unaomtoroka kidogo kidogo, leo nyusi, kesho kidevu, na hana pa kuukamatia. Mimi nikamwambia subiri mama, kuna picha, nimemwandikia mwenyewe.

Sasa niende nikamwambie nini? Mama, Chiriku kapatikana, ni ile sehemu nyeupe?

Sijamwambia. Namwambia basi limechelewa.

Madawati yako yamepakiwa leo asubuhi. Bosi anasifu, anasema hata mchwa wangedanganyika.

Kimya


8 Machi

Kimya,

Madawati yamefika. Yanapendeza mno, watoto wanaoigiza kwenye picha zangu wameyapapasa kama wanyama wa kufugwa.

Najua umeumia. Lakini hasira ya fundi haiwezi kuwa hoja kwenye sanaa. Nimeamua kukutumia bango la maonyesho, ambalo ni picha ile ile, ili uone kwamba sikufanya mzaha. Nakuomba uangalie mambo matatu. Chini ya dawati, miguu yangu iko peku. Mimi nilikuwa na viatu, maana yake nilivivua ili nifanane nanyi. Kwenye mstari wa mbele kuna tofali tupu na mkono wa mtoto juu yake. Sehemu hiyo nimeiita Rafiki wa Kufikirika. Na pale chini kabisa kuna kivuli chenye vichwa viwili, ambacho wataalamu tumekubaliana ni ishara ya mamlaka.

Mwandishi mmoja wa gazeti ameliita tabasamu langu "tabasamu la mtoto aliyekwisha kuisamehe dunia".

Mfungulie na mama yako. Pengine atapata faraja.

Msanii


15 Machi

Dada Msanii, au nikuite nani sasa,

Bango nililifungulia karakana, juu ya benchi, bosi kashika ncha hii mimi ile, linajikunja kama limegoma kuonekana. Likaanza kutokea kwa chini. Kivuli. Matofali. Halafu miguu peku chini ya dawati, kidole gumba cha kulia kimepanda juu ya mwenzake. Nikamwambia bosi, "Simama." Akasema, "Vipi wewe, kibanzi kimekuchoma?" Kidole kile nakijua. Nimelala nacho mkeka mmoja miaka minane, kilikuwa kinanikwaruza mgongo.

Tukafungua lote. Chiriku. Kakaa kwenye dawati lako, kavaa sweta lako la vifungo vyekundu, nyusi ya kushoto ina pengo, meno yote nje. Chiriku mkubwa kuliko mlango. Na juu ya kichwa chake umeandika MIMI, MIAKA TISA.

Mimi sina kawaida ya kucheka mbele ya watu. Nilicheka mpaka bosi akanipa maji. Umekwangua darasa zima kwa wembe, ukambakiza mmoja kwa sababu unajipenda, na huyo mmoja siyo wewe! Majivuno yako yamefanya kazi nzuri kuliko huruma yako. Kama ungekuwa mtu mnyenyekevu, leo mama asingekuwa na mtoto.

Hayo mambo yako matatu, kaa nikusomeshe. Miguu iko peku kwa sababu viatu vyako vilimbana, mguu wake ulikuwa mkubwa. Wewe hukuvua viatu ufanane na mtu. Wewe hata ukiruka kamba ulikuwa na viatu. Sweta, baba yako ndiye aliyeamuru avae, maana picha ilikuwa inakwenda kwa wafadhili waone dawati linatumika na mtoto nadhifu. Na tofali tupu ni la Chiriku, alilokuwa amekalia kabla hajaenda kwenye dawati. Ule mkono ni wangu, nilikuwa nalishikilia lisiibwe. Mimi ndiye huyo mtoto wa pembeni ambaye usoni ni kama kapigwa chokaa. Rafiki wa kufikirika! Hebu nifikirie vizuri basi.

Nilimpelekea mama. Nikalitandaza kitandani, nikaweka patasi kila pembe lisijikunje. Hakulia. Aliangalia muda mrefu, akaniuliza, "Hili sweta kanunuliwa na nani?" Nikasema la kuazima, mama. Akasema, "Limempendeza." Halafu akaweka kidole kwenye nyusi. "Eeh," akasema. "Kushoto." Akakaa hapo hapo mpaka chai ikapoa.

Mama hasomi. Baadaye akauliza yale maandishi yanasemaje. Nikamsomea.

"Mimi nani?"

"Mwenye maonyesho, mama. Binti wa Mwalimu Mkuu."

"Mwambie atoe."

Basi nakwambia, toa. Futa mimi yako. Na ile picha yenyewe ndogo, ya baba yako, mpe mama, aishike mkononi. Bango halishikiki. Sitaki kingine kwako.

Kimya


19 Machi

Fundi,

Nimekuvumilia vya kutosha. Mtu aliyeacha shule darasa la nne ananifundisha uso wangu mwenyewe!

Hilo pengo la nyusi ni karatasi iliyochubuka. Picha ina miaka ishirini. Kidole gumba, kila mtoto anacho. Waliofiwa humwona marehemu wao kila mahali, na kwa hilo nakuonea huruma, wewe na mama yako, ambaye nadhani angemtambua binti yake hata kwenye ukuta mtupu. Mabango yamebandikwa mji mzima. Maonyesho yanafunguliwa tarehe ishirini na tisa. Sibadilishi hata neno, na picha ya baba yangu haiendi popote, ni urithi wangu.

Barua zako sitazitundika. Hazina ule ukweli niliotarajia.

Na nijibu hili kama unaweza. Baba yangu ndiye mwenye kamera, darasa langu, sweta langu, dawati langu. Kama siyo mimi pale, mimi nilikuwa wapi siku hiyo?

Msanii


24 Machi

Dada,

Sijibu. Ulipokuwa napajua, nilikuwa nakutazama kwa macho yangu haya haya. Ila sikwambii. Wewe si unaumba? Umba.

Nitakusaidia kidogo tu, bure. Ukiwa na miaka tisa meno yako ya mbele yalishakwisha kwa pipi. Darasa zima pipi tuliziona kwako tu. Ukishageuka tulikuwa tunakuita Dirisha. Sasa huyo unayemwita mimi anacheka, yahesabu meno yake. Usihesabu kwenye ile ya mita mbili, shika ile ndogo, sogea dirishani kwenye mwanga, uwe peke yako.

Kutotundika barua zangu, sawa. Naona ukweli ulioagiza ulikuwa saizi nyingine.

Mama amekata yale maandishi na kisu cha jikoni. Bango sasa halina kichwa cha habari, lina kichwa cha Chiriku tu. Kila anayekuja kuomba kibiriti anaitwa ndani aone. Jirani juzi kasema, "Kumbe mlikuwa na binti mzuri hivi!" Mama kajibu, "Nilikuwa nawaambia." Ni kweli, alikuwa anawaambia, tena miaka. Hakuna aliyekuwa anasikiliza.

Kazi njema na ufunguzi wako. Vaa viatu.

Kimya


2 Aprili

Kimya,

Sikushika ile ndogo kama ulivyoniambia. Niliogopa. Nilijiambia nina kazi nyingi.

Siku ya ufunguzi ukumbi ulijaa. Nilikuwa nimesimama mbele ya picha kubwa, waandishi wananizunguka, naeleza jinsi nilivyovua viatu. Shangazi yangu alikuwa amekuja, dada yake baba, yule aliyenilea likizo zote. Shangazi hana sauti ndogo. Akasogea, akavaa miwani, akavua, akavaa tena. "Wewe," akasema, "huyu mtoto wa nani?"

Nikamwambia taratibu, "Ni mimi, shangazi."

"Wewe? Wewe ulikuwa na meno haya lini?" Na akacheka! "Mimi ndiye niliyekupeleka kung'oa. Ulikuwa unakula ndizi kwa pembeni kama mbuzi!"

Watu wakacheka naye, wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Mwandishi wa gazeti akaandika. Mimi nikaingia stoo ambako tumehifadhi yale madawati yako, nikakaa kwenye moja, nikaitoa picha ndogo kwenye fremu na kuipeleka kwenye mwanga. Pengo la nyusi si karatasi. Ni nyusi.

Siku tatu nzima nilikuwa naandika barua ya kukueleza kwamba hata kosa ni sanaa. Nimeichana.

Nimefuta neno langu ukutani. Sasa pameandikwa: Chiriku, miaka tisa. Barua zako nimezitundika zote, na zangu pia, ikiwemo ile ya tarehe kumi na tisa. Watu wanaisoma hiyo kuliko nyingine, na wananiangalia. Shangazi amemleta kila rafiki yake.

Picha ndogo iko ndani ya bahasha hii, kati ya vipande viwili vya kadibodi isikunjike. Ni ya mama yako. Mwambie wale wengine wote waliokwanguliwa ni kazi yangu, siyo ya miaka.

Sina haki ya kuuliza, lakini nimeipitia picha yote, mstari kwa mstari. Nyuso nimezikwangua mwenyewe, ila miili ipo, nguo zipo, na hakuna mwili wangu. Simo. Maisha yangu yote nimeijenga kazi hii juu ya siku ile, na simo.

Nilikuwa wapi?

Binti Mkuu


9 Aprili

Binti Mkuu,

Picha imefika salama. Mama ameiweka ndani ya kadi ya kliniki ya Chiriku, kumbe miaka yote hakuitupa. Anasema asante. Hiyo ni ya mama, mimi nimeibeba tu.

Usidhani nimekupenda ghafla. Mabawa yako bado ni upuuzi, na yale madawati kumi na mawili ni uongo, nilioupiga msasa mwenyewe. Ila safari hii umeuliza kwa jina lako, basi nakujibu.

Siku ile ulikuwa unalia. Tulishapangwa nje, dawati katikati, matofali huku na huku. Baba yako akakwambia kaa, ukakataa. Ulikuwa unataka tofali. "Nataka kukaa na wenzangu," makamasi yanateremka mpaka kwenye vifungo. Hakuna aliyekupa lake. Chiriku, yule mdomo wake haukuwa na kifuniko, akanyanyuka akasema, "Njoo ukae langu, mimi niende huko kwenye kiti chako cha enzi nikaone kunanukaje." Watoto wakacheka. Baba yako kuona jua linakuwa kali akasema haya, vua sweta, mvalisheni huyo. Chiriku akaenda. Wewe ukaja kwenye tofali lake, lilikuwa ubavuni kwangu.

Nikaweka mkono.

Nilikuandikia kwamba nilikuwa nalishikilia lisiibwe. Nilikudanganya. Nani angeiba tofali mbele ya Mwalimu Mkuu? Nilikunyima. Sikusema neno, unanijua, niliweka mkono tu nikakutazama. Nilikuwa nimebeba dawati lako mwaka mzima. Nikaona, na tofali letu tena? Ukasimama mbele yangu kidogo. Ulisema, "Kimya, tafadhali." Sikuondoa mkono. Ukarudi kwa baba yako unalia kama king'ora.

Hapo ndipo alipokupa kamera, ili unyamaze. Akainama ubavuni kwako akakuonyesha pa kubonyeza. Hicho ndicho kivuli chako cha vichwa viwili. Wataalamu wako wakubaliane tena. Ni wewe na baba yako.

Kwa hiyo umo, ila kwa chini, kwenye udongo. Picha ile umeipiga wewe. Ndiyo kazi yako ya kwanza, na kwa maoni yangu ya darasa la nne ndiyo nzuri kuliko zote, kabla hujaitia wembe. Hili nilikuwa nalo tangu barua ya kwanza. Sikukwambia kwa sababu sikutaka upate kitu kizuri kutoka kwangu. Ni ule ule mkono.

Na yule mwandishi wa gazeti, mwambie Chiriku hakuwa anaisamehe dunia. Alikuwa anakucheka wewe. Makamasi mpaka kidevuni, mapengo mbele, umeishika kamera kwa mikono miwili kama sufuria ya moto, na jicho umefumba lile ulilotakiwa kufumbua.

Na mimi nilikuwa nacheka. Ila uso wangu ulishaukwangua, itabidi uniamini tu.

Kimya